Namba ya Kifaru cha Mzee Mikidadi

Mzee Mikidadi Kondo wa Mafiga alimaliza kujenga kifaru chake mwezi wa nne, baada ya kazi ya miaka mitatu, na siku alipokimaliza ndipo alipogundua kwamba hajui namba yake.

Hakikuwa kifaru cha kweli. Kilikuwa cha mfano, kimepunguzwa mara tano, yaani kila mita tano za kile alichokiendesha jeshini ujanani yeye alizifanya mita moja. Hata hivyo, ukihesabu na mzinga uliochomoza mbele, kilikaribia mita mbili, na kilikaa sebuleni kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kukiweka. Mwili alikuwa ameutengeneza kwa bati na mbao. Mzinga ulikuwa bomba la maji la plastiki lililosuguliwa kwa msasa mpaka likawa laini kama kucha. Minyororo ilitokana na cheni za baiskeli kumi na moja, na kila kipande cha cheni kilikuwa kimepigiliwa kibati chake. Magurudumu yalikuwa matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kulikuwa na nafasi kubwa kuliko kati ya mengine. Kila mgeni aliyeingia alimwambia kwamba hapo amekosea vipimo. Mzee Mikidadi alimjibu kila mgeni kwamba ndivyo Wachina walivyokiunda, na kwamba kama ana malalamiko ayapeleke huko.

Mkewe, Bi Hidaya, alikuwa amekizoea kifaru kile kama mtu anavyomzoea shemeji aliyekuja kwa wiki mbili akakaa miaka mitatu. Alikifuta vumbi kila Ijumaa. Siku za mvua alianika vitambaa vya jikoni kwenye mzinga.

"Sasa kimekwisha," Mzee Mikidadi alimwambia siku hiyo.

"Mbona hakina namba?" akauliza Bi Hidaya. "Hata bajaji ina namba."

Mzee Mikidadi akafungua mdomo kuitaja, akabaki nao wazi. Alijua ilikuwa na mbili, tatu na nane. Lakini ilianza na ipi, iliishia na ipi, hakuweza kusema. Aliujua uzito wa kifaru kile, aliijua sauti ya gia ya pili kilipokuwa na baridi, aliwajua kwa majina wote wanne waliokaa ndani. Namba ilikuwa nje, ubavuni mwa kile kichwa kinachozunguka, na dereva anaingia mbele na kutokea mbele. Hiyo ndiyo sababu aliyompa mkewe. Sababu nyingine hakuitaja. Namba ile mara ya mwisho aliiona kwenye barua ya onyo, na barua hiyo aliichana vipande na kuitupa chooni mwaka themanini na tatu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda Msamvu, kwenye kibanda cha Glory, binti anayekata stika za mabasi, bajaji na madirisha ya saluni. Ukutani alikuwa amebandika sampuli: majina ya timu, mioto, macho ya chui na maneno ya kumshukuru Mungu kwa rangi saba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka namba ya kifaru."

Glory hakushtuka. Katika kazi yake alikuwa ameshaombwa stika ya mbuzi mwenye mabawa. "Namba ngapi?"

"Ina mbili, tatu na nane."

"Mia mbili thelathini na nane."

"Au mia tatu na ishirini na nane. Au nyingine. Ndiyo natafuta."

"Basi nikukatie tarakimu moja moja, ukapange mwenyewe nyumbani," alisema Glory. "Mwandiko gani? Huu wa moto unapendwa sana mwaka huu. Halafu nakuwekea na kivuli."

Mzee Mikidadi alimweleza kwamba namba za jeshi zinaandikwa nyeupe, zimenyooka, hazina moto wala kivuli, na kila tarakimu ina mikato midogo kwa sababu ilipakwa kupitia kadi iliyotobolewa. Glory alisikiliza kwa heshima. Kisha alimkatia tarakimu nyeupe, zimenyooka, zina kivuli kidogo tu cha njano, na chini ya kila moja, kwa herufi ndogo, aliweka namba yake ya simu.

"Hii ya simu ya nini?"

"Wateja wote tunawawekea, babu. Mtu akipenda namba ya kifaru chako atajua pa kuipata."

Akarudi nyumbani na tarakimu zake kwenye bahasha. Alizipanga juu ya meza kwa kila namna, na kila mpangilio ulionekana sawa kwa dakika tano, kisha ukaonekana uongo.

Ndipo akaandika barua. Aliiandikia ofisi moja inayotunza kumbukumbu za zamani, ambayo sitaitaja kwa sababu wahusika wangali kazini, akaomba kujulishwa namba ya kifaru alichokiendesha kati ya mwaka themanini na mmoja na themanini na nne. Baada ya wiki tano alipokea fomu ya kurasa tatu. Kipengele cha kwanza kilisema: *Andika namba ya kifaru.* Chini yake kulikuwa na onyo kwamba fomu isiyojazwa kipengele cha kwanza haitashughulikiwa.

Akaandika tena, akaeleza kwamba namba ndiyo anayoitafuta. Jibu lilikuja haraka safari hii, wiki tatu tu. Lilisema kwamba kwa kuwa mwombaji ameshindwa kukitambulisha kifaru, ofisi haiwezi kuthibitisha kwamba kifaru hicho kilikuwapo, na kwa msingi huo haiwezi pia kuthibitisha kwamba mwombaji aliwahi kukiendesha. Lilimtakia kazi njema.

Mzee Mikidadi aliisoma barua hiyo akiwa ameegemea kifaru chenyewe.

Habari za kifaru zilikuwa zimeshamfikia Bwana Godfrey, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye mwaka huo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya kuandaa Siku ya Mashujaa. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi, na Bwana Godfrey alikuwa ameanza kuamkia watu ambao zamani aliwapita. Alikuja siku moja jioni, akakizunguka kifaru mara mbili, akagonga bati kwa kidole.

"Mzee wangu, hiki lazima kikae mbele ya jukwaa. Mgeni rasmi atakuja. Kilipigana wapi?"

"Hakikupigana. Kilikuja vita imeshakwisha. Tulifanya nacho mazoezi na gwaride."

Bwana Godfrey akagonga bati tena. "Lakini kilikuwa tayari kupigana."

"Tayari kilikuwa."

"Basi hapo umeshasema. Mengine usiyaongeze mbele ya wageni." Akainama akatazama ubavuni. "Namba mbona hamna?"

"Naitafuta."

"Namba haitafutwi, mzee wangu, namba inawekwa. Weka mia mbili hamsini na saba. Tarehe ishirini na tano, mwezi wa saba. Mgeni rasmi akiona hivyo atajua tumefikiria. Halafu hapa chini, nafasi ni kubwa, liandikwe jina la duka langu. Bati hili si ulinunua kwangu?"

"Nilinunua kwako."

"Basi ni historia pia."

Alipoondoka, Bi Hidaya aliuliza kwa nini hamtafuti mmoja wa wale wenzake wa zamani. Mzee Mikidadi akamwambia kwamba sajini wao alishafariki, mpigaji mzinga alihamia mbali na hakusikika tena, na aliyebaki ni Dominiko tu, yule aliyekuwa akipakia risasi, mtu wa milimani, Mgeta. Hawakuwa wameonana tangu watoke jeshini. Hakujua kama yu hai, wala hakujua pa kuanzia kumtafuta.

Kesho yake Bi Hidaya alikwenda sokoni kununua njegere kwa mama mmoja wa Mgeta, akamuuliza kama anamjua Dominiko aliyekuwa mwanajeshi. Yule mama alikuwa mpwa wake. Bi Hidaya alirudi na namba ya simu, maelekezo ya njia na salamu, kabla chai haijapoa.

"Ukienda," alisema, "uniletee njegere za shambani. Hizi za sokoni zimelala."

Mgeta kulikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya matuta ya kabichi kama mtu aliyekataa kuondoka. Dominiko alimpokea njiani. Alikuwa amekonda na kupinda kidogo, lakini alitembea ngazi za shamba kwa haraka ambayo Mzee Mikidadi, aliyezoea tambarare za Mafiga, hakuiweza. Walicheka, wakashikana mikono kwa muda mrefu, wakaitana kwa majina ya ukoo kama zamani. Mke wa Dominiko, Mama Theresia, akawakaribisha ndani, akaleta chai na viazi vya kuchemsha.

Mzee Mikidadi aliketi, akainua macho, na mbele yake, kati ya kalenda ya parokia na picha ya Bikira Maria, akaona fremu ya kioo. Ndani yake kulikuwa na barua iliyopigwa taipu, karatasi imekuwa ya kahawia. *Pongezi kwa wahudumu wa kifaru namba 832, kwa kufika kituoni kabla ya muda uliopangwa.*

"Mia nane thelathini na mbili," alisema taratibu. Akatoa kalamu akaandika kiganjani, maana hakutaka kuichelewesha hata kwa muda wa kutafuta karatasi. "Dominiko, umeniokoa. Nimehangaika miezi mitatu."

Dominiko alikuwa akiitazama chai yake.

Mzee Mikidadi akasogea karibu na ukuta ili aione vizuri barua ya aliyemwokoa. Akasoma jina la aliyepongezwa, lilikuwa la Dominiko. Akasoma jina la mazoezi. Akasoma tarehe, akairudia. Ilikuwa ni tarehe ile ile ya barua yake ya onyo.

"Siku hii," alisema, "mimi niliandikiwa kwamba nimechelewa saa mbili. Sajini alikuwa amelazwa na malaria, kifaru kilikuwa mikononi mwangu. Nilinyimwa ukoplo kwa ajili ya siku hii. Nilifyeka majani wiki mbili. Wewe ulikuwa ndani ya kifaru kile kile, Dominiko. Uliwahi vipi?"

Mama Theresia akachukua birika, ingawa lilikuwa limejaa, akaenda nalo jikoni.

Dominiko akaeleza. Alieleza polepole, kwa lafudhi yake ya Kiluguru ambayo miaka ya jeshi haikuifuta. Kabla ya mazoezi alikuwa ameagizwa kupaka upya namba, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekwanguliwa na matawi. Alitoboa kadi kutoka kwenye katoni ya sabuni, akaanza upande wa kushoto. Aliambiwa namba inaanza mbele, kwa hiyo akaanzia upande wa mzinga: mbili, tatu, nane. Ikatoka vizuri. Akazunguka upande wa kulia, akaanzia tena upande wa mzinga: mbili, tatu, nane.

Mzee Mikidadi akachora kichwa cha kifaru hewani kwa kidole, upande mmoja, halafu wa pili. "Ukisimama kulia," alisema, "mzinga uko mkono wako wa kulia."

"Ndiyo. Ukiisoma, inakuwa mia nane thelathini na mbili. Niliona baadaye, rangi imeshakauka na tunaitwa kupanda."

Kilichofuata kilikuwa rahisi. Saa tatu kasorobo asubuhi walipita mbele ya karani wa kituo, naye akaona ubavu wa kulia, akaandika kwamba kifaru 832 kimefika mapema. Wakateremka mtoni kuchota maji ya injini. Saa tano walirudi kwa njia ile ile, wakielekea upande wa pili, karani akaona ubavu wa kushoto, akaandika kwamba kifaru 238 ndiyo kinafika sasa, kimechelewa saa mbili. Orodha haikuwa na kifaru 832. Karani hakusumbuka na jambo hilo. Aliandika kwamba kimetoka kombania ya jirani kuja kusaidia. Mzee Mikidadi miaka yote alidhani kupita kule kwa kwanza hakukuhesabiwa kwa kuwa hawakusimama.

"Na pongezi?" aliuliza Mzee Mikidadi.

"Tulikuwa kwenye foleni ya chakula. Karani akaja akauliza, nani wa 832, kuna sahani ya ziada. Nikasema mimi." Dominiko akajikuna shingo. "Ilikuwa wali na maharage, Kondo. Sikujua kama itakuja na barua."

"Na ilipokuja?"

"Wewe ulikuwa tayari unafyeka. Nilisema moyoni, nikiifungua habari hii tutafyeka wawili. Jumatatu nikafuta upande ule nikaandika sawasawa. Kila mwaka nilisema nitakuja Mafiga nikuambie."

"Miaka arobaini na miwili."

"Kila mwaka," alisema Dominiko.

Mzee Mikidadi hakupandisha sauti. Aliuliza gari la mwisho la kushuka linaondoka saa ngapi. Dominiko alimfungia kabichi kubwa mbili na mfuko wa njegere. Kabichi alizikataa. Njegere alizichukua, kwa sababu hasira alikuwa nayo lakini njegere zilikuwa zimeagizwa.

Kwa siku kumi hakugusa kifaru. Aliketi kibarazani akitazama milima ambayo kwa miaka yote hiyo ilikuwa imemficha Dominiko, na alipoulizwa hali alisema ni nzuri. Bi Hidaya alisikia habari yote usiku wa kwanza na hakusema neno la kumtetea mtu yeyote. Siku ya sita tu ndipo alipouliza, "Kwa hiyo hukuchelewa."

"Sikuchelewa."

"Nakumbuka uliponioa ulikuwa huwezi kukaa hata dakika moja ukijua unasubiriwa. Harusini ulifika kabla ya wapambaji. Nilidhani ni mapenzi."

Mzee Mikidadi akafikiri. Ilikuwa kweli kwamba tangu mwaka ule hakuwahi kuchelewa popote, na kwamba alikuwa amewasumbua watu wengi kwa kuwahi kwake.

Siku nne kabla ya Siku ya Mashujaa, Bwana Godfrey alileta stika alizokatisha mwenyewe kwa Glory: namba 257 kwa mwandiko wa moto, mara mbili, na jina la duka lake kwa herufi zilizozidi namba kwa ukubwa. Alitaka kuzibandika palepale. Mzee Mikidadi alimwambia aziache, bati linahitaji kusafishwa kwanza kwa sabuni. Hilo lilikuwa kweli, ingawa hakuwa na nia ya kulisafisha.

Keshoye asubuhi Dominiko alisimama mlangoni, amebeba mfuko wa sandarusi. Ndani kulikuwa na kabichi zile zile mbili au ndugu zao, kopo dogo la rangi nyeupe, brashi, katoni ya sabuni, na ile fremu ya kioo imefungwa kwa shati.

Bi Hidaya alimkaribisha kwa sababu mgeni ni mgeni. Dominiko alikiona kifaru, akasahau kusalimia. Alikizunguka pole pole. Alipofika kwenye magurudumu akasimama.

"Umeacha nafasi hapa," alisema. "Kama chenyewe."

Alikuwa mtu wa kwanza kusema hivyo kwa miaka mitatu. Mzee Mikidadi alijikuta ameshamwonyesha jinsi kichwa kinavyozunguka, kabla hajakumbuka kwamba amemkasirikia. Akarudi kwenye kiti chake, akakaa.

Dominiko akafungua shati, akamnyooshea fremu. "Hii ni yako."

"Sitaki pongezi zako," alisema Mzee Mikidadi. "Nilitaka onyo langu lifutwe, na waliolitoa nusu wameshakufa. Nisaidie jambo moja. Paka namba."

"Mia mbili thelathini na nane. Pande zote."

"Hapana. Ipake kama ulivyoipaka siku ile."

Dominiko akamtazama, akaona hatanii. Akakaa sakafuni, akatoboa katoni kwa kisu cha jikoni, tarakimu tatu, kila moja na mikato yake midogo ambayo mashine ya Glory haikuwa imeielewa. Akapaka kushoto, akianzia mzingani: mbili, tatu, nane. Akazunguka kulia, akaanzia mzingani. Kwenye nane rangi ikavuja chini ya kadi.

"Na siku ile ilivuja hivyo hivyo," alisema.

Bwana Godfrey alipokuja na watu wa kukibeba aliona namba moja, akazunguka akaona nyingine, akashika kiuno.

"Mzee wangu, hapa kuna kosa."

"Lipo," alisema Mzee Mikidadi. "Ni la mwaka themanini na tatu."

"Na yangu mia mbili hamsini na saba?"

"Haikuwahi kuwapo."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Bwana Godfrey alibandika jina la duka lake nyuma, kwenye bati la chini, ambapo lilionekana kama tangazo la bomba la moshi, na kifaru kikapandishwa kwenye guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu.

Mgeni rasmi alikuwa akitarajiwa saa tatu, akafika saa tano na nusu. Mzee Mikidadi na Dominiko walikuwa wamekaa mstari wa mbele tangu saa moja. Kulikuwa na kwaya, kulikuwa na ngoma, kulikuwa na hotuba kuhusu mashujaa iliyotaja barabara za lami mara kumi na moja. Kisha mgeni rasmi akasogea kwenye kifaru, akauliza kama kinafyatua, akaambiwa hakifyatui, akapigwa picha akiwa ameegemea namba. Alipokizunguka akaona namba ya pili, akauliza kwa nini ni mbili.

Dominiko aliomba kipaza sauti. Siku ya kupaka rangi alikuwa amemwahidi Mzee Mikidadi kwamba atasema mbele za watu, na alisema yote: katoni, karani, sahani ya wali, mwenzake kufyeka majani. Sauti yake ilikatika mara moja tu, kwenye sahani. Mzee Mikidadi alitazama chini, akingojea kitu ambacho hakujua ni nini.

Bwana Godfrey akachukua kipaza sauti. "Mnaona akili za wazee wetu," alisema. "Kifaru kimoja, namba mbili. Adui akihesabu, anaona vifaru viwili. Hiyo ndiyo mbinu."

Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi akapiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa, ili waliokaa nyuma waone.

Mzee Mikidadi akasimama. "Haikuwa mbinu," alisema bila kipaza sauti. "Hapakuwa na adui. Yalikuwa mazoezi. Namba ilikosewa, na mimi nikaadhibiwa."

"Na unyenyekevu wao," alisema Bwana Godfrey, "mnausikia wenyewe."

Makofi yaliongezeka. Mama mmoja alifuta machozi. Kamati haikuwa imejiandaa kwa zawadi, lakini duka la Bwana Godfrey lilikuwa jirani, na muda si mrefu chupa mbili za chai zililetwa zikiwa na karatasi za bei. Bwana Godfrey alitangaza kwamba kwanza anaitwa mwakilishi wa kifaru 832, kilichowahi.

Mzee Mikidadi alimtazama Dominiko. Dominiko alikuwa amekalia mikono yake yote miwili.

"Nenda," alisema Dominiko.

"Wameita 832."

"Nimesikia. Nenda."

Akaenda. Alipewa chupa, akashikwa mkono, na mgeni rasmi akamwambia hongera kwa kuwahi. Maneno yale alikuwa ameyangoja tangu ujana, na sasa yalitoka kwa mtu aliyechelewa saa mbili na nusu na ambaye hakujua anampongeza kwa nini. Alitarajia asione thamani yake. Badala yake alijikuta akipiga kwata kidogo palepale aliposimama. Kisha likaitwa 238, na Dominiko akaenda kupokea kwa niaba ya kile kilichochelewa, ameinamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kufyeka.

Saa nane mchana walikisukuma kifaru nyumbani kwa guta, wao wawili na mwenye guta. Njia nzima watu waliwasimamisha. Muuza mahindi aliuliza kilipigana wapi, Mzee Mikidadi akasema hakikupigana, muuza mahindi akatikisa kichwa kwa huzuni na kumwambia kwamba anaelewa, mambo ya jeshi ni siri. Baada ya huyo, waliacha kueleza.

"Bado umenikasirikia?" aliuliza Dominiko walipofika kwenye mteremko, ambapo ilibidi wakishikilie guta kwa nyuma.

Mzee Mikidadi alifikiri kwa haki. "Nusu," alisema. "Shika vizuri upande wako."

Dominiko alilala Mafiga siku mbili zaidi. Bi Hidaya alipika kabichi. Jumapili Dominiko alikwenda misa ya kwanza mjini, akarudi, wakanywa chai kutoka kwenye chupa mojawapo, hawakukumbuka ni ya kifaru kipi. Alipoondoka aliacha fremu juu ya kabati, na Mzee Mikidadi alimfuata nayo mpaka kituoni akamrudishia. Alisema ukuta wa Mgeta utaonyesha alama ya mahali palipokuwa na kitu, na Mama Theresia ataulizwa na wageni. Dominiko akaipokea. Walikubaliana kwamba mwezi wa tisa, njegere zikikomaa, Mzee Mikidadi na Bi Hidaya watapanda Mgeta kukaa wiki nzima, na Mzee Mikidadi akamwambia waziwazi kwamba watafika siku moja kabla.